Bafa Zisizorudi

Onésphore alikuwa na hasira mbaya mwaka ule wa tisini na nane, na mimi Awoi, niliyekaa naye meza moja ofisini hapa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, simlaumu hata kidogo. Mkewe Annick alilazwa hospitali ya Lodwar, mimba ya miezi minane na damu inamtoka. Habari zake zingepita kwenye kompyuta tu, ile iliyopokea barua kwa redio, maana redio ya kuongea bosi alishaiondoa akisema imepitwa na wakati. Na kompyuta yenyewe iliganda kila siku.

Dawa ya bosi ilikuwa moja: zima, washa. Onésphore, aliyesomea mambo haya Bujumbura, alisonya akachimba ndani ya kerneli, ile programu ya chini kabisa inayoendesha nyingine zote, mpaka akaona ubaya uliko. Kila kipande cha barua kikiingia, kerneli hukitengea nafasi ya kumbukumbu, yaani bafa, na kazi ikiisha nafasi hiyo irudishwe. Lakini upepo wetu ukivuma redio hukwaruza, vipande vinafika vimeharibika. Kerneli ilivitupa, sawa, ila bafa zake haikuzirudisha. Ni kama jirani anayeazima dumu lako, anamwaga maji machafu, kisha anakaa nalo. Madumu yakiisha utachotea nini?

Alhamisi akamaliza kuitengeneza. Ikabaki kuzima na kuwasha mara moja ya mwisho, na bosi akakataa. Jamani! Mtu aliyetuzimisha mashine mwezi mzima, leo ana wageni wa Nairobi, inawaka, isiguswe. Inawaka ndiyo, lakini bafa zimekwisha, hakuna kilichoingia tangu jana. Na msafara wenye polisi wa kwenda Lodwar unaondoka saa nane. Bila huo, majambazi wa barabara ile watakumaliza. Kibali cha kutoka kambini Onésphore alikuwa nacho mfukoni, ila bila habari hakujua aende au angoje.

Onésphore akabonyeza kitufe. Tukangoja. Barua zilizokwama Lodwar zikaanza kushuka: unga, mafuta ya jenereta, unga tena. Kisha ya muuguzi: "Annick amejifungua, mtoto mzima. Damu imempungukia sana. Yako tulishaipima, inamfaa. Njoo leo."

Akasimama. Bosi alishafika mlangoni, anafoka, anauliza kompyuta anamwachia nani.

"Sasa haihitaji mtu," Onésphore akamjibu, akampita, akakimbilia malori ya msafara.

Kesho yake upepo ulivuma kutwa, redio ikakwaruza vibaya mno. Kompyuta haikuganda. Jioni barua ya Onésphore ikaingia kutoka Lodwar: Annick ameongezwa damu, na amekunywa uji.