Ufunguo niliouweka mezani kwa mhasibu

Leo nimeambiwa kwamba sijawahi kuhama Bongo.

Msicheke kwanza.

Mnajua niko Muscat mwaka wa nne sasa, na nina fremu ya duka Kariakoo nimeipangisha. Ritani ya kodi safari hii niliijaza mwenyewe. Walipouliza ukaazi, nikajaza "si mkazi" bila hata kufikiria.

Nimekuja Dar, nikaipeleka kwa mhasibu, mama mmoja mtu mzima, ofisi yake iko ghorofani Msimbazi. Nilitaka aipitie tu, aniambie iko sawa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

Akasoma, kisha akavua miwani.

"Ukija Dar unafikia wapi?"

"Kwangu, Magomeni. Mama yangu ndiye anakaa pale, ila chumba changu hakilali mtu. Natembea na ufunguo."

Nikautoa kabisa, nikauweka mezani. Jamani, nani alinituma?

"Na mwaka huo wa ritani ulikuja?"

"Idi zote mbili."

Akachukua kalamu nyekundu.

"Una makazi ya kudumu hapa, na mwaka huohuo umefika. Kisheria wewe ni mkazi, hata kama ulikaa siku chache. Ungeituma hii, ungekuwa umedanganya."

Mimi nautazama ufunguo tu.

Tunaijaza upya, na pesa ninazopata Muscat nazo anataka ziandikwe zote.

Nikampigia mama kumsimulia. Akasonya.

"Umemlipa mtu akwambie kwako ni wapi? Na mimi kila Ijumaa nafagia chumba cha nani?"

Nyie mlio nje, hebu semeni: ufunguo wa nyumbani uko mfuko gani?