Rimu za Mkwe Zilivyoninyima Uso wa Dada

Ujiji, alfajiri. Simu ikaita kutoka Kalinzi: dada yangu Mwavita kafariki, anazikwa adhuhuri. Na mnajua, sisi wanawake hatuendi makaburini. Ukimkosa maiti nyumbani, umemkosa. Nikajifunga kanga, nikapanda gari la mkwe wangu Shabani. Mwanangu Zuhura kakaa mbele na mumewe.

Hilo gari, jamani! Limevalishwa rimu mpya, zinang'aa kama sinia za harusi. Na mbele ya dereva taa ya njano inawaka tu. Kwetu mama mkwe hamsemeshi mkwe ovyo, nikapitia kwa mwanangu: "Zuhura, muulize mumeo, hiyo taa ya nini?"

"Mwambie mama ni ya upepo wa matairi," mkwe akacheka. "Rimu za zamani zilikuwa na vidude ndani, vinapima upepo. Nimeziuza navyo. Sasa gari halipati habari, linalalamika tu."

"Fundi hakukwambia uvihamishe?" Zuhura akauliza.

"Aliniambia. Nikaona madoido."

Madoido! Na hizo rimu ni dawa ya homa?

Mwandiga, jua limechomoza. Vijana wakapiga mluzi kuona rimu, mkwe akapunga mkono kama bwana harusi. Mie nawaza dada yangu kalala anangoja.

Tukaanza kupanda milima. Gari likawa linavuta upande.

"Zuhura, mwambie mumeo gari linavuta."

"Mwambie mama ni barabara."

Barabara! Kwenye kona nyuma ikaserereka, tukaingia mtaroni. Tukatoka wazima, Alhamdulillahi. Tairi ya nyuma imelala kama chapati, upepo umevuja njia nzima hakuna aliyejua. Spea ipo. Spana sasa, haishiki nati za rimu mpya! Zina ufunguo wake, na ufunguo uko Ujiji, kabatini.

"Shabani!" Nimemwita mkwe kwa jina, uso kwa uso. Zuhura kashika mdomo. "Umelivalisha gari viatu ukalitoboa macho! Dada yangu nitamwona saa ngapi?"

"Nisamehe, mama."

Nikangoja barabarani mpaka jua likakaribia utosini, ndipo nikapata bodaboda. "Shikamoo bibi, nishike vizuri," kijana akasema, tukaruka na mashimo yote.

Kalinzi, migombani. Nafika uani, wanawake wanakunja mikeka. Kitanda kitupu. Mtoto wa dada akanikumbatia: "Mama mdogo, tumekungoja mpaka shehe akasema basi."

Baada ya matanga Shabani akaja kunichukua na gari lile lile.

"Vile vidude umeweka?"

"Bado, mama, lakini upepo nimepima."

Nikapanda basi mpaka Ujiji.

Sasa mtaani wananisema, eti bibi kamfokea mkwe, kavunja mwiko. Waseme! Adabu haijazi upepo. Nyie mkiona taa inawaka, msitumane maneno. Mshike dereva bega, mwambie simama. Mimi nilitumana na Zuhura mpaka mlimani, na dada yangu wakamfunika uso sijamwona.