Mbwa Mvuka Handaki

Juzi nilikuwa katika ofisi ya mifugo hapa Thika nikingojea dawa ya kuku, akaingia mzee wa Ruiru akivuta mbwa dume kwa kamba ya mkonge. Kijiji chao, kama chetu na vingine siku hizi za hali ya hatari, serikali imekizungushia handaki ili watu wasitoke kwenda msituni. Mbwa huyu hulivuka kila usiku kufuata majike, na walinzi wameapa kumpiga risasi.

"Mhasi, daktari," mzee akasema, "lakini asinone. Kwetu kondoo akihasiwa hunona, kisha tukamchinja."

Daktari akacheka. "Mpunguzie chakula, mzee. Leo atalewa dawa, na usimwache arambe kidonda. Hataacha kuzurura papo hapo, kwa hiyo mfunge wiki chache."

"Atabweka?"

"Vilevile."

"Na njia ya kutoka, ataisahau?"

"Njia hataisahau. Hamu ndiyo itakayokwisha."

Mzee alimkuna mbwa nyuma ya sikio hata nikadhani ameghairi. Kisha akamkabidhi daktari kamba.

Nilirudi na dawa yangu nikiwaza. Mbwa yule ameachiwa njia, akaondolewa hamu. Sisi tuliochimbiwa handaki tumezibiwa njia tu.