Damu Isiyo ya Ng'ombe

Machinjioni mume wangu wanamwita Radi, na hawakukosea. Miaka ishirini na sita anaangusha madume, anababua vichwa kwa moto wa matairi, na anapiga watu. Mchuna ngozi mmoja alivunjwa taya kwa kumcheka tu. Mimi pia nimekula vibao vyake, nikamrudishia kwa mwiko, maana sikuzaliwa kuonewa.

Moshi ule ndio uliomla pafu, au sigara, au vyote viwili. Daktari, mama mmoja mpole, alimweleza kwamba atatundikiwa dripu mbili. Moja inaua seli za saratani. Nyingine inauzuia uvimbe usijioteshee mishipa ya damu, ukose chakula. Radi akacheka, mara ya kwanza tangu apimwe. Akasema hiyo ndiyo kazi yake, dume hummalizi kwa rungu, unamkata mshipa. Daktari akamwonya kwamba dawa ya mishipa inaweza kumtoa damu nyingi ghafla. Akikohoa damu aseme siku hiyo hiyo, waisimamishe, abaki na ile nyingine.

Yeye alichosikia ni kusimamishwa tu.

Aproni yake naifua mimi. Damu juu ya damu, nani ataitambua? Ila wiki ile machinjio yalifungwa siku nne, mabomba yakitengenezwa, na kwenye beseni nikakuta aproni niliyokwisha kuifua ina tena damu mbichi kifuani. Nikamuuliza ni ng'ombe gani huyo. Alinikaba koo, kisogo kikagonga ukuta.

"Ukifungua mdomo kule hospitali nakuchinja," akasema. "Dawa hii ndiyo inayokata mshipa. Mkiniondolea, mmeniua."

Siku ya dripu niliitandaza aproni mezani kwa daktari. Ngumi ilinifika kabla sijamaliza kueleza, jino la mbele likang'oka. Muuguzi na askari wa mlangoni wakamrukia. Katikati ya matusi akakohoa, damu ikajaa kiganja chake. Akaitazama, kisha akakaa chini mwenyewe.

Dawa ya mishipa ikasimamishwa. Ile nyingine aliwekewa, askari akiwa pembeni.

Nilifunga nguo zangu niondoke. Sikuondoka, na hasira nayo haijaondoka. Samahani hajasema. Ila kila asubuhi ananiletea jikoni leso aliyokoholea, anaikunjua, anasubiri niikague. Nikisema safi, anakaa kunywa chai.

Jana ilikuwa na doa. Nilipoinua macho, alikuwa ameshavaa viatu, kadi ya hospitali mkononi.