Makala ya Ng'ombe wa Pepa

Siku ya kwanza kazini katika jarida la sheria la chuo chetu, hapa Kalemie, Mkurugenzi wake aliniita bironi, yaani ofisini mwake. "Mama Feza," akasema, "kazi yako ya kwanza njo kufuta majina."

Nilidhani anatania. Lakini ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Makala ikifika niliondoa jina la mwandishi, chuo chake, hata shukrani kwa mke wake, kisha nikaipeleka kwa wasomaji wawili wenye kulijua somo. Wao hawakujua nani ameandika, wala mwandishi hakujua nani anamsoma. Waliandika maoni: ichapwe, irekebishwe au ikataliwe. Kamati ya uhariri ndiyo iliyoamua. Nyingi zilikataliwa, na baadhi ya wenyewe waliacha kunisalimu.

Mkurugenzi wa pili alikuwa mama kutoka Mpala, mtu wa maneno machache. Wakati wake ilifika makala juu ya kesi za kule Pepa, milimani kwa wafugaji: ng'ombe akila mahindi ya mkulima, mahakama ya kimila ihukumu vipi? Msomaji mmoja alikuwa Doyen, mkuu wa kitivo chetu. Aliisifu mno.

Kamati ikakubali, jina likatangazwa. Mwandishi alikuwa Ilunga, mwalimu msaidizi aliyewahi kumpinga Doyen mbele ya kikao kizima. Tangu hapo walikuwa hawasemezani.

Doyen aliingia bironi mwetu bila kubisha.

"Mama Mkurugenzi, nirudishie maoni yangu."

"Umeona kosa ndani, Papa Doyen?"

"Hapana. Lakini kama ningejua njo yeye..."

"Njo maana hatukukuambia."

Nilikuwa mezani kwangu, nimeinamisha kichwa. Sote watatu tulijua kwamba muda wa Mama Mkurugenzi kuongoza jarida ulikuwa unakaribia kwisha, na sahihi ya kuuongeza ilikuwa ya Doyen.

Makala ikachapwa. Kwa makala hiyo Ilunga akapanda cheo. Sahihi haikutiwa, na Mama Mkurugenzi akarudi kufundisha.

Sasa nimestaafu. Vijana huja kuniuliza wamwone nani ili makala zao zipite. Nawaambia waandike vizuri, halafu nawasimulia habari hii bila kuficha mwisho wake. Mama mwenyewe, tukikutana sokoni, hazungumzii kiti alichopoteza. Huuliza tu kama toleo jipya limetoka.