Mama Mwingine wa Ephraim

Kwa miaka karibu thelathini Leonida alisikia habari za Gorka, na hakuna mgeni aliyekanyaga nyumba yao ya Observatory, Johannesburg, asizisikie. Enzi za ukimbizi wake Tanzania, chama chake cha kupigania uhuru wa Afrika Kusini kilimpeleka mumewe Ephraim masomoni Urusi, na huko akavuna viazi kijijini Gorka msimu mmoja. Msimu mmoja tu, lakini ukimsikiliza ungedhani alizaliwa huko: maziwa ya Gorka, uyoga wa Gorka, hata hewa ya Gorka.

Kwao Leonida ni Mgeta, milimani Morogoro. Tangu wahamie Johannesburg, Ephraim hajakanyaga tena. Kule ni porini, husema bwana mkubwa, na matope yanamharibia viatu. Mama mkwe aliugua, hakwenda. Akazikwa, hakwenda. Sasa, Julai 2018, ndugu walikuwa wanamaliza tanga, na mkwe asipoonekana siku hiyo, ukoo husema binti yao hakuolewa, aliokotwa. Leonida alimwomba waende. Akajibu ataona.

Wiki hiyohiyo Brighton, mwenzake wa ukimbizini aliyekwenda Urusi kutazama Kombe la Dunia, akapiga simu ya video. Alikuwa amefika Gorka.

Leonida akachungulia. Hiki ndicho kijiji chenyewe? Vibanda vinne vya mbao vimeinama, choo cha nje hakina mlango, tope limejaa njia nzima, na ajuza mmoja anavuta ndoo kisimani. Mgeta kuna umeme, shule na soko la kabichi. Alicheka mpaka akashika meza.

Alipogeuka, mumewe alikuwa analia.

"Eish, Leonida, yule ni Zinaida. Alikuwa ananigawia mkate wake. Lazima niende kabla hajafa."

Kicheko kikamkauka. Kumbe mtu huyu matope anayaweza, na vikongwe anawapenda. Ilimuuma kuliko dharau zote za nyuma.

"Mama yangu naye alikulisha, baba Nomsa," alisema. "Kila ulipokuja kunichumbia."

Ephraim hakusikia. Alikuwa anamuuliza Brighton njia.

Leonida akaenda Mgeta peke yake. Wajomba walipomuuliza mbele ya watu mkwe wao yuko wapi, hakumtafutia udhuru kama zamani.

"Ana mama mwingine, Urusi," alisema. "Huyo ndiye anayemlilia."