Mstari wa mwisho wa Fundi Mwenda

Ni siku ya nne na bado sijaamini. Fundi Mwenda, electrician wetu pale kiwanda cha majani chai, alianguka kutoka kwenye ngazi Jumanne akibadilisha taa, akafariki. Mimi nilikuwa supervisor wake. Nimechoka kulia, nimechoka hata kupokea simu.

Mwenda alichukia ngazi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kila alipobadilisha taa, alishuka akachora mstari wa chaki ukutani chini yake. "Ndio ujue nimepanda mara ngapi, Madam."

Yeye ndiye aliyetuletea habari ya taa za induction. Sikuelewa, akanieleza tukinywa chai.

"Taa ya kawaida iko na vyuma ndani, na hivyo ndivyo huungua. Hii ni gas tu. Coil, ule waya wa kuzungushwa, imefungwa nje ya glasi. Sumaku yake inapita kwa glasi, gas inaamka, poda nyeupe iliyopakwa ndani ya glasi inatoa mwanga. Sasa kama hakuna cha kuungua, mimi napanda kufanya nini?"

Tulizifunga taa hizo upande mmoja wa kiwanda. Stima ikipotea na kurudi, kama kawaida yetu huku Kianjokoma, upande huo uliwaka papo hapo. Upande wa pili tulisimama gizani tukingoja taa za zamani zipoe ndipo ziwake tena. Akina mama wa sorting, wanaochambua majani, walimwita pastor wa mwanga. Alicheka mpaka akakohoa.

Taa za upande wa pili aliziomba kila mwaka. Kila mwaka nilimjibu, "Fundi, ngoja kidogo."

Jumanne nilimwambia aweke tu bulb ya zamani iliyokuwa stoo, tulikuwa na wageni. Akaniangalia, akachukua ngazi.

Ni mimi niliyemtuma. Nimeshamwambia mama yake kule Nkubu. Alinishika mkono.

Leo asubuhi niliingia kiwandani. Chini ya kila taa ya induction kuna mstari mmoja, wa siku alipoifunga. Upande wa pili mistari imejaa ukuta. Chini ya ile taa ya Jumanne hakukuwa na mstari mpya, kwa sababu hakushuka kuuchora.

Nikachukua chaki, nikamchorea.

Barua ya kuomba taa za upande wa pili nimeiandika leo. Nimechelewa kukujibu, Fundi, na kosa ni langu. Ngazi nimeifungia stoo.

Lala salama, Mwenda. Hakuna anayekutuma tena.